Wimbo wa Mia Tano na Arobaini

Jumatatu, 3 Machi

Mdogo wangu Miwani,

Salamu tele kutoka nyumbani. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, kikohozi kimekwisha na ile baridi ya karakana yenu imepungua. Sisi huku tunakwenda. Mama hajambo kwa namna yake, na mimi sijambo kuanzia kiunoni kwenda juu. Kuanzia kiunoni kwenda chini nitaeleza mwishoni, na usiruke.

Kwanza nikusimulie ya jana kanisani, maana nikianza na yangu najua utaikunja barua. Mama bado ndiye anayepanga namba za nyimbo ukutani. Mchungaji humpa orodha Jumamosi. Yeye huitia kwenye mfuko wa aproni pamoja na vile vibao vya namba, na asubuhi kabla ya kengele huvipachika ubaoni kimoja kimoja akivifuta kwa kitambaa. Miaka thelathini na minane hajakosea, hata siku tuliyomzika Baba. Siku hizi hajui ni mwezi gani. Mimi huniita dada yake, na kwake Baba ametoka kidogo, atarudi na mkate. Lakini vile vibao vidole vyake havijavisahau.

Basi jana, wimbo wa tatu, akaweka mia tano na arobaini. Kitabu chetu kinaishia mia tatu tisini na mbili. Najua vizuri kwa sababu vitabu vyote ninavijalidi kwa mikono yangu. Mpiga kinanda akafunua, akafunua, mpaka akagonga jalada. Watu wakaanza kutazamana. Mama amekaa benchi la mbele, mikono mapajani, anasubiri kuimba. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mchungaji aliutazama ubao kitambo, kisha akasema taratibu, "Tusimame." Tukasimama. Hakuna aliyeimba, maana hapakuwa na cha kuimba. Tulisimama kimya kiasi cha beti tatu. Nilisikia mvua ikihama kutoka upande mmoja wa bati kwenda mwingine. Nilisikia kitoto kinanyonya. Nilisikia pumzi za watu wote zikipanda na kushuka pamoja, kama za mtu mmoja aliyelala. Kisha Mchungaji akasema amina, tukaketi. Mama akaniinamia, akaniambia leo wameimba vizuri.

Sasa yangu. Ni mgongo. Daktari anasema kuna mahali panataka kupasuliwa katika ile hospitali kubwa, na baada ya hapo wiki sita nisiinue hata birika. Unajua Mama akishasimama hutembea mwenyewe hadi kanisani, polepole kama bibi harusi. Kusimama ndiyo kazi. Namwinua kitandani, namwinua bafuni, namwinua kitini, kila siku ya Mungu. Daktari anasema nikiendelea hivi, kabla ya mwaka kwisha nitakuwa mimi wa kuinuliwa.

Langoni, siku ya mazishi ya Baba, ulishika sanduku lako ukasema: miaka miwili wewe, miwili mimi. Huu ni wa tano. Sikulaumu. Nakukumbusha tu, maana usahaulifu kwetu ni wa ukoo.

Njoo.

Dada yako


Jumatano, 19 Machi

Dada yangu mpendwa katika Bwana,

Nakusalimu kwa jina lipitalo majina yote. Mimi ni mzima wa afya, kikohozi kimeondoka, naendelea kusaga vioo vya miwani na kumshukuru Muumba. Ninyi je? Mgongo unaendeleaje tangu uandike?

Barua yako niliisoma mara mbili, kisha nikapiga magoti pale pale kati ya mashine. Wenzangu wa kikundi cha maombi walishangaa. Nikawaeleza, tukakuombea wote, watu kumi na mmoja. Nilisikia amani kubwa. Naamini mgongo wako umeguswa.

Dada, Bwana hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Huo wako amekupa wewe kwa sababu anakuamini. Wakati mwingine nakuonea wivu, kumhudumia mzazi kila siku ni madhabahu.

Kuhusu kuja, mlango bado haujafunguka. Mwezi huu wamenifanya msimamizi wa chumba cha vioo. Ni ushuhuda kwa kikundi kizima, nikiondoka sasa watasema nini? Nimesikia kuna nyumba ya wazee inayoendeshwa na masista, si mbali na hapo kwenu. Ingekuwaje ukaenda kuitazama? Mimi huku sitaacha kuomba.

Mwambie Mama mwanawe anamsalimu.

Mdogo wako


Jumatano, 2 Aprili

Mchungaji Mkuu wa Chumba cha Vioo,

Hujambo? Hatujambo. Sasa tuongee.

Maombi yako yamefika salama, yote kumi na moja. Nimeyapokea kwa shukrani, na ninasema kweli, sikudhihaki. Lakini maombi yako hayafui mashuka, Miwani. Jana nilifua manne. Na hayo madhabahu unayoyaonea wivu, ukiyataka nakuachia hata kesho, na beseni juu yake.

Unadhani mimi siombi? Naomba nikiwa nimeinama, maana ndio muda nilio nao. Sala yangu ya asubuhi ni hii: Bwana, moja, mbili, tatu, inua. Mama huitikia amina akidhani ni sala kweli. Labda ni sala kweli. Imani yangu siku hizi imebaki chembe ya chumvi, lakini chumvi hata chembe ulimi unaijua.

Nilikwenda kuiona nyumba ya masista, usije ukasema mimi ni mkaidi. Ni safi, wana maua dirishani, na wana roho nzuri. Mama alitembezwa vyumba vyote, akamshukuru kila mtu, kisha akauliza namba zinawekwa wapi. Sista akamwambia hapa hatuna ubao, mama, tunaimba kwa kichwa. Mama akatoa vibao vyake mfukoni akavitazama, akavirudisha. Mimi sitampeleka. Sasa unajua.

Ule wimbo wake umerudi mara tatu. Mzee mmoja wa kanisa alilalamika kwamba ibada si mchezo, Mchungaji akamjibu kwamba yeye mwenyewe hajawahi kusikia kanisa likinyamaza pamoja hivyo tangu apewe joho. Sasa watu wanausubiri. Namba ikipanda ubaoni wanatabasamu na kusimama kabla ya kuambiwa.

Na kuna kosa langu pia. Vitabu vililiwa na unyevu, nikavijalidi upya vyote mwezi uliopita, na kwa uchovu nikakosea kukunja karatasi za mwisho. Kila kitabu kimebaki na ukurasa mmoja mtupu baada ya mia tatu tisini na mbili. Nilitaka kuukata, mkasi ukanishinda mkononi. Jumapili iliyofuata nikakuta mtu ameandika kwa penseli kwenye ukurasa ule, neno lake na Mungu. Juzi nikakuta wengine. Vitabu vinakaa kwenye rafu ya mlangoni, anayeingia anachukua chochote, kwa hiyo hujui ni nani anayesoma kilio cha nani. Mchungaji ameona, ameweka penseli rafuni. Mimi sijaandika kitu. Nina kazi.

Hospitali wamenipa nafasi katikati ya Juni. Nafasi ikipita, nyingine ni mwakani. Nijibu, ndiyo au hapana. Usinijibu kwa mstari wa Maandiko.

Dada yako


Jumapili, 25 Mei

Miwani,

U hai? Wiki saba sijaona mwandiko wako. Kama unaumwa, Mungu akuponye. Kama umenuna, nuna lakini soma.

Mwandiko umepinda kwa sababu naandika nimelala kifudifudi. Alhamisi asubuhi nilikuwa namtoa Mama bafuni. Moja, mbili, na tatu haikufika. Mgongo ulikatika kama uzi mkavu, tukashuka wote wawili hadi sakafuni, polepole, mimi chini yeye juu. Mungu mkubwa, hakuumia hata ukucha. Lakini mimi sikuweza kusogea, na yeye hawezi kusimama bila mimi. Mlango wa nje niliufunga kwa ndani mwenyewe, maana siku hizi Mama akishasimama hutoka peke yake. Nikaita, hakuna aliyesikia. Maji yakawa yanadondoka bombani.

Sikiliza, maana hili sijamwambia mtu. Nililia, Mdogo wangu. Sikulia kwa maumivu. Nililia kwa hasira, nikimwambia Mungu umeniona nimeinama miaka yote hii na leo umeniangusha mbele ya mama yangu. Mama akanisikia. Akavuta taulo akanifunika mabegani. Mwanga ulikuwa unaingia kwa kile kidirisha cha juu, mweupe kama maziwa kwa ajili ya ukungu, na nadhani yeye alidhani ni mbalamwezi. Akaanza kunipapasa kichwa. Akasema, "Lala mwanangu, kesho ni shule."

Mwanangu. Miaka minne ananiita dada yake.

Kisha akasali ile sala aliyokuwa akitusalia tukiwa wadogo, kitanda kimoja, wewe upande wa ukuta. Hakuruka neno. Kwenye watoto akataja wawili. Nikasinzia pale kwenye saruji yenye maji, Miwani, na sijawahi kulala usingizi mtamu kama ule tangu Baba afe. Sikuomba kitu. Nilikuwa nimeombewa.

Baada ya saa mbili hivi seremala jirani alipita kurudisha ndoo, akaona kimya, akavunja mlango. Ametuinua wote. Sasa mke wake anakuja asubuhi, jioni anakuja mwalimu wa watoto. Wataweza mpaka lini, na wana nyumba zao? Mlango wenyewe umeegemezwa tu, unasubiri fundi.

Sikuandikii kukulaumu, hasira imebaki pale sakafuni. Nakuandikia ujue kwamba katika ile sala bado umo.

Dada yako


Jumatano, 4 Juni

Dada,

Shikamoo. Sina haki ya kuuliza hali yako, lakini nauliza. Unaweza kukaa? Unalala?

Sikuumwa. Barua yako ya Aprili ilinichoma, nikaiweka ndani ya Biblia ili nisiione, nikawa naifungua Biblia mahali pengine. Umesikia mtu anayemkimbia dada yake ndani ya Maandiko? Ni mimi.

Siku ile ile ya mazungumzo yako ya sakafuni, Alhamisi, nilikuwa nimesimama mbele ya kikundi nikiomba kwa sauti ya kupendeza kwamba Mama ainuliwe na dada yangu ainuliwe. Kuna bibi mmoja anafagia karakana, huwa hasemi. Nilipomaliza akaniuliza, "Na huyo mama yako, kila asubuhi anainuliwa na nani?" Nikasema na dada yangu. Akasema, "Huyo mwenye mgongo?" Kisha akachukua ufagio wake akaendelea. Watu kumi walitazama viatu vyao. Siku chache baadaye ikafika barua yako.

Nikuambie ukweli, maana nimechoka kuupamba. Usimamizi haukunizuia. Nauli ninayo. Niliogopa. Tangu ulipoandika mara ya kwanza kwamba amekuita dada yake, nimekuwa nikiota ndoto moja. Mama yuko kwenye meza yangu ya kazi, mwanga umejaa kila mahali, amezungukwa na vioo. Anavaa miwani moja ananitazama, anavua. Anavaa nyingine. Ananiambia kwa upole kabisa, kama anavyowaambia wageni, samahani bwana, huyu bado simwoni. Nami nasaga kioo kingine haraka haraka, na kingine. Kila nikiamka nilisema nitaenda mwezi ujao, akiwa na nafuu. Hawezi kupata nafuu, najua. Niliogopa nifike mlangoni aniulize mimi ni nani, nikose jibu. Ndiyo maana nikajificha kwenye maombi. Ni mahali pazuri pa kujificha, hakuna anayekuja kukutafuta humo.

Bado naogopa. Nimemwomba Mungu aniondolee woga kwanza ndipo nije, hajauondoa. Basi nakuja nao. Usimamizi nimemwachia dada wa mashine ya tatu, alistahili tangu mwanzo. Nafika tarehe kumi na mbili.

Mdogo wako


Jumatatu, 30 Juni
Wodini, kitanda cha dirishani

Fundi,

Unaendeleaje na Mama? Mimi nimepasuliwa, nimeshonwa, na nimewaambia kwamba ule mshono wao ningeushona vizuri zaidi. Wauguzi wananicheka. Nalala mchana kutwa. Mapazia ya hapa ni meupe, upepo ukiyajaza nadhani ni mashuka, nashtuka nataka kwenda kuyaanua, kisha nakumbuka kwamba hayanihusu. Ni jambo la ajabu kutohusika na shuka.

Nilikuwa nimeshapanda gari siku ile Mama alipokutazama mlangoni, na sanduku lako mkononi, akakuuliza wewe ni fundi wa nini. Niliuona uso wako kupitia kioo. Gari likaondoka. Njia nzima nilikuwa nalia nacheka, dereva akadhani nimepagawa. Ulimjibu nini?

Mawili matatu usiyasahau. Mwinue kwa magoti, si kwa mgongo, nisije nikakupisha kitanda hapa. Usimsahihishe. Akisema Baba ametoka, muulize atarudi saa ngapi, atafurahi. Chai yake ipoe kwanza. Vibao vya namba usivishike, hata akivimwaga.

Hapa kuna mama kitanda cha pili aliniuliza ninasali saa ngapi. Nikamwambia nilizoea kusali nikiinua, sasa sina cha kuinua sijui nianzie wapi. Akasema anza na kuinuliwa. Nakuachia hilo ulitafakari, wewe ndiye mchungaji.

Dada yako


Jumapili, 13 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Mshono umekauka? Umeanza kutembea hadi lile pazia? Sisi huku ni wazima, na ninaposema sisi namaanisha kweli.

Umeuliza nilimjibu nini. Nilisimama na sanduku, ile ndoto yote ikiwa mbele yangu mchana kweupe, nikangoja moyo upasuke. Haukupasuka. Nikasema, mama, mimi ni fundi wa mlango. Akasema nimechelewa lakini karibu. Basi nikautengeneza. Seremala alikuja kuukagua, akautazama kwa huzuni, akasema angalau unafunga. Mama huwaambia wageni kwamba fundi huyu si hodari ila hana haraka ya kuondoka.

Nimefua mashuka, Dada. Siku ya kwanza matatu, ya pili matano. Kwenye la nne mikono imekufa ganzi nikamwita Mungu bila hata kufunga macho, neno moja tu, na ndipo nikaelewa ni barua gani nilizokuwa nikikuandikia. Ningeweza kuzirudisha ningezila. Asubuhi nasema moja, mbili, tatu, inua, naye anasema amina. Mgongo wangu unauma na ninafurahi, sijui kama hiyo ni dhambi.

Alasiri, ule mwanga ukilala kwenye saruji ya uani, hunisimulia habari za mwanawe. Yuko mbali, anatengeneza macho ya watu. Alikuwa mwoga wa giza, akitaka upande wa ukuta. Anamwombea kila siku arudi akiwa mzima. Nikamuuliza, akirudi utamjua? Akafikiri sana. Akasema, "Si lazima nimjue. Yeye ananijua." Niliingia ndani nikajifanya natafuta nyundo.

Sasa leo. Alipachika namba zake. Ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu mia tano na arobaini. Watu wakatabasamu wakasimama. Mimi nilikuwa nimechukua kitabu rafuni nilipoingia, cha katikati, bila kuchagua. Nikafungua mwisho kwenye ule ukurasa wako wa kosa. Pana mwandiko mwingi, wa kila rangi ya penseli. Mmoja anashukuru kwa mvua. Mmoja ameandika nisamehe, basi. Mmoja anaomba mtoto alale. Na pembeni kabisa, kwa herufi zilizoinama kulia kama zinatembea kwenye upepo, ambazo ningezijua hata gizani:

"Bwana, mlete Miwani. Kama haji, nipe mgongo mwingine. Kama vyote viwili ni vigumu, basi kaa nami tu."

Chini yake tarehe mbili Aprili. Siku ile ile uliyoniandikia kwamba wewe hujaandika kitu, una kazi.

Kanisa lilikuwa kimya. Nilisikia kila ulichosema ulikisikia, isipokuwa mvua, leo palikuwa na njiwa. Nikawa sioni, nikavua miwani, nikawa sioni zaidi. Seremala kando yangu akatoa penseli nyuma ya sikio akanipa bila kunitazama. Nikaandika chini ya maneno yako: Nimefika.

Mama akaniona. Akaegemea kwangu akaninong'oneza kwamba nisilie, fundi, niimbe. Nikamwambia naimba, Mama. Akachukua mkono wangu akauweka juu ya kitabu, akaufunika kwa wake.

"Wimbo huu," akasema, "mwanangu wa miwani anaupenda sana."

Usiharakishe kurudi. Wakisema wiki sita, kaa nane, na ukirudi tutazigawa siku, wala sisemi tena habari za miaka miwili miwili. Naacha hapa. Mama alikuwa amesinzia kitini, na nimesikia kiti kinalia. Ameamka, anataka kuinuliwa.

Mdogo wako,
fundi